Kumtafutia Mjomba Chumba cha Kimya

Tangu nilipokabidhi funguo, Mwanaidi aliyekalia kiti changu pale mapokezini hunipigia simu kwa swali lile lile: mgeni anataka chumba cha kimya, nimpe kipi? Nikimjibu kwa simu naona nampunja, maana jibu lenyewe ni refu kuliko vocha yake. Nimeamua kuandika. Asome yeye, na ninyi wengine mnaofanya kazi kwenye nyumba za wageni hapa Morogoro msome kwa kuchungulia begani kwake. Sitaeleza nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. Mambo hayo hayajawahi kumsaidia mgeni kulala.

Nilianza kazi nikiwa binti mdogo. Wazazi wetu walifariki wakifuatana, nikaacha shule darasa la sita, nikashuka kutoka Kinole na wadogo zangu wawili: Patrisi, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kusoma, na Yustina, ambaye bado nilikuwa nambeba mgongoni. Mjomba wetu, kaka yake mama, alitaka tubaki mlimani. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Lakini nyumba yake ilikuwa imejaa watoto wa dada zake wengine, na shamba lilikuwa lile lile moja. Akaniambia, "Nenda, Skola. Lakini ujue hata huko mjini mimi bado ni mjomba wako." Tangu hapo kila msimu alitutumia ndizi na kauli.

Nyumba niliyopata kazi ilikuwa nyuma ya soko, vyumba vimeuzunguka uwanja mdogo wenye mparachichi. Mwenye nyumba, Bibi Zuhura, alimtazama Yustina mgongoni kwangu kabla ya kunitazama mimi.

"Huyo analia usiku?"

"Halii, bibi."

"Mtoto asiyelia ananitosha. Na wewe je?"

"Na mimi silii."

"Basi chukua ufagio."

Siku ile ile ya kwanza akaja mgeni, mfanyabiashara wa mchele, akasema amechoka sana na anataka kimya. Mapokezini hakukuwa na mtu, nikajiona nimepata nafasi ya kuonyesha akili. Nikampa chumba cha mwisho kabisa, kule kwenye uzio, mbali na barabara. Mchana nilipokitandika hapakuwa na hata sauti ya inzi. Asubuhi yule baba alitoka macho mekundu, akaniambia kwa upole kabisa, "Binti, umenilaza kiwandani." Nyuma ya uzio kulikuwa na karakana ya seremala, iliyoanza kupiga randa tangu alfajiri. Mimi nilikitandika chumba Ijumaa mchana, seremala na vijana wake wakiwa msikitini.

Aliyeninusuru nisifukuzwe ni Mzee Ramadhani, msimamizi wa vyumba, Mnyamwezi wa Tabora. Hakunikemea. Alinipeleka mpaka kile chumba, akaniamuru nilale kitandani nifumbe macho.

"Jana ulikitazama," alisema. "Ulikisikiliza?"

"Sikukisikiliza, baba."

"Ninyi Waluguru mmezoea kulala kwenye mteremko. Akili zote zinatiririkia upande mmoja wa kichwa."

"Na ninyi mlibeba mizigo mpaka shingo zikaingia kifuani," nikamjibu. Nilikuwa na njaa na hofu, lakini Mnyamwezi ni mtani wetu, na mtani akikuchokoza ukanyamaza umemvunjia heshima. Yeye anaruhusiwa kukuambia jambo ambalo ndugu yako wa damu hathubutu, na wewe huruhusiwi kukasirika. Mzee Ramadhani alicheka mpaka akashika ukuta. Kuanzia siku hiyo akawa mwalimu wangu.

Somo lake lilikuwa moja tu. Kabla hujampa mtu chumba, ukalale wewe ndani yake, saa ambayo yeye atataka kulala, na usilale. Nilivilalia vyumba vyote vya nyumba ile. Nikajua chumba kinachosikia honi za mabasi ya Msamvu upepo ukigeuka, na kile ambacho ukuta wake umepakana na tangi, ambapo maji ya bomba yakifunguliwa alfajiri mabomba yanakohoa kama mvutaji tumbaku. Nikajua cha chini ya mparachichi. Parachichi likianguka juu ya bati, mgeni huamka akitafuta viatu. Kengele ya kanisa na adhana sikuzitia katika hesabu ya kelele, kwa kuwa zinamfikia kila mtu sawasawa na hakuna chumba cha kuzikwepa.

Vifaa vyangu vilikuwa vichache. Chupa ya mafuta ya kupikia kwa ajili ya bawaba za milango. Msitumie mafuta ya taa, mgeni akisikia harufu hiyo usiku anadhani nyumba inaungua. Vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli, vya kupigilia kwenye fremu ili mlango usibamize. Karatasi ya kukunja na kuweka chini ya mguu wa kitanda kinachonesanesa. Na ndala. Mhudumu wa nyumba ya wageni anayevaa viatu vya kisigino ni afadhali akafanye kazi benki.

Vyumba ni nusu ya kazi, wageni ndiyo nusu nyingine. Hakuna mwanamume aliyewahi kukubali mapokezini kwamba anakoroma. Nilijifunza kumuuliza mwenzake aliyefuatana naye, tena akiwa amegeuka kuchukua begi. Dereva mmoja wa basi la Mbeya alikuwa akikoroma mpaka glasi zinagongana kabatini, na alikuwa mtu mwema kuliko wote, kwa hiyo nilimweka karibu na karakana ya seremala wakashindane. Wageni waliotoka kufunga ndoa waweke jirani na jenereta. Hawatalalamika, na wengine hawatalalamika. Wanajeshi wa Ngerengere wanalala popote, wanaamka kabla ya jogoo na kutandika vitanda wenyewe. Laiti ningeweza ningewaajiri wote. Mtu anayekuja na mto wake kutoka nyumbani, huyo mwogopeni.

Hivyo ndivyo nilivyopata jina. Watu wakawa wanasema, ukitaka kulala Morogoro mtafute Skola. Jina hilo nililibeba kwa raha mpaka lilipokutana na mjomba.

Yustina alikuwa amekua, fundi cherehani mwenye meza yake mwenyewe sokoni. Alikuja mchumba wa kwanza, kijana mzuri tu, na watu wake. Mjomba akashuka kutoka Kinole kuwasikiliza, kama ilivyo haki yake. Alilala kwa Yustina, kwenye mtaa wenye baa upande huu na baa upande ule, na zote zilikuwa na spika kubwa kuliko kabati. Asubuhi akakaa kikaoni na macho mekundu, hakusema neno mpaka mwisho. Mwisho akasema hapana. Tulipomuuliza kwa nini, akasema kijana ana masikio makubwa.

Mwaka uliofuata akaja wa pili. Mjomba akashuka, akalala kule kule, akaamka vile vile. Akasema huyu anakaa kwenye kiti kama mtu anayetaka kuondoka. Akaondoka kweli.

Kisha akatokea Elia. Alikuwa fundi friji, kwao Tabora, mtu asiye na maneno mengi. Alikuwa akija kututengenezea friji la jikoni hata likiwa zima, na hapo ndipo nilipoanza kumwelewa. Watu wake walipotuma habari kwamba wanakuja, Yustina alinifuata mapokezini, akaegemea kaunta.

"Dada, wewe unawalaza watu wa Mbeya, wa Bukoba, mpaka Wazungu. Mjomba wako mwenyewe unamwacha alale baa?"

"Yeye ndiye aliyetaka kulala kwako."

"Safari hii alale hapa. Mpe chumba ambacho hata mbu anaingia kwa kunyata. Akikosa usingizi tena atasema Elia ana magoti mabaya, na mimi nitazeekea hapa kaunta nikikusaidia kugawa sabuni."

Alisema akicheka, lakini mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa kaunta kama mtu aliye kwenye lori. Nikamwambia aniachie.

Sijawahi kufanya kazi vile. Nilichagua chumba cha ndani kabisa upande wa mlimani, ambacho dirisha lake linafungukia kibaraza kidogo kisichokaliwa na mtu. Nikakilalia jioni mbili. Nikatia mafuta bawaba, kitasa na hata ndoana ya pazia. Nikapigilia tyubu mpya mlangoni. Nikafunga boya la tangi lisicheze. Nikapandisha kijana juu ya mparachichi kuangua yote yaliyokomaa. Nikaongea na seremala, akakubali siku hiyo kuanza kwa kupaka vanishi. Jogoo wa Bibi Zuhura alikuwa anawika hovyo, tulimla.

Mjomba aliteremka kwa miguu mpaka kwenye barabara ya gari, akapanda Noah, akafika jioni akiwa na koti lake la kanisani, kofia, na mkungu wa ndizi mbivu. Ndizi aliziacha nje ya mlango kwa sababu nilimwambia zitavuta sisimizi. Akaingia, akatazama kushoto na kulia, akapiga chafya. Chafya yenyewe ilitoka imezimika.

"Mbona kama niko ndani ya mtungi?" akauliza.

"Ulale, mjomba. Kesho kuna watu."

Kikao tulikubaliana kifanyike pale pale, ili asichoke kutembea. Asubuhi watu wa Tabora wakafika mapema, wamevaa vizuri: Elia, baba yake mdogo anayeitwa Mzee Kasanda, na shangazi mmoja mnene mwenye kicheko cha karibu. Mlango wa mjomba ulikuwa umefungwa. Nikawakalisha kwenye kile kibaraza cha nje ya dirisha lake, penye kivuli, nikiamini atatoka wakati wowote. Nikawapa chai. Chai ikaisha. Nikawapa nyingine.

Mlango haukufunguka.

Hapo lazima niwaeleze jambo. Kwetu mpwa hamwamshi mjomba aliyejifungia chumbani. Hugongi mlango, huiti jina. Unachoweza kufanya ni kukohoa ukipita, kufagia karibu, au kuangusha kitu kana kwamba kimekuponyoka. Sasa kelele zote nilizotumia siku mbili kuziondoa nikaanza kuzirudisha moja moja. Nikapita na ndoo nikikohoa. Nikafagia sakafu safi. Nikaangusha mfuniko wa sufuria, ukazunguka ukazunguka, ukatulia. Kimya. Nikatuma mtu kwa seremala aanze kupiga randa, naye akajibu kwamba ahadi ni ahadi, anapaka vanishi.

Mzee Kasanda akaanza kutazama jua. "Elia," akasema kwa sauti ya chini, "tuna safari. Huyu bwana akituweka mpaka mchana halafu akasema hapana kama ninavyosikia desturi yake, tutakuwa tumekosa mke na usafiri. Tabora kuna wasichana, tena wa kutosha."

Mimi nilikuwa nimesimama na trei, nikajifanya nahesabu vikombe. Elia hakuinua uso.

"Baba mdogo, ninyi mkitaka kutangulia, tangulieni. Mimi nitakaa hapa mpaka aamke, hata kama ni kesho. Huyo ni mtu mzima, ametembea mlima. Mwacheni alale."

"Na akisema hapana?"

"Nitamwomba aniambie tena nikiwa nimekaa vizuri."

Yustina alikuwa kwenye pembe ya ukuta, chini ya dirisha lile lile, nguo mpya, mikono haijui pa kukaa. Nikamwendea. Akanong'ona, "Dada, mjomba akikataa nitakubali, unanijua. Wale wawili nilikubali nikarudi kwenye cherehani yangu. Ila huyu nitamlilia. Nakuambia mapema ili usishangae."

Nilimlea mwenyewe tangu mgongoni, na nilikuwa nimemwambia Bibi Zuhura kwamba halii. Nikamshika kiwiko tu.

Aliyetutoa pale ni Mzee Kasanda. Uvumilivu ulimwisha, na yeye si mpwa, ni mtani. Aliinuka, akavua kofia, akaenda kukaa chini mbele ya mlango wa mjomba, akaweka mikono kichwani, akaanza kulia kwa sauti ya msibani.

"Mtani wangu mimi. Mluguru amekufa. Ameshuka milima yote ile mizima, akaja kufia kwenye godoro."

Shangazi akaelewa mara moja, akavuta kanga kichwani, akakaa kando yake. "Marehemu ameacha nini?"

"Ameacha mkungu wa ndizi."

"Warithi?"

"Sisi. Watani ndio wanaozika, watani ndio wanaokula." Akachuma ndizi moja, akampa shangazi, akachuma nyingine. Wageni wengine wa nyumba wakatoka vyumbani na miswaki midomoni, nao wakapewa.

"Aliishi vizuri na watu?" shangazi akauliza akimenya.

"Kiasi. Aliwafukuza vijana wawili wa watu, mmoja kwa kosa la masikio."

"Mungu amsamehe."

"Amsamehe atakapopata nafasi. Mimi sina haraka."

"Na huyu binti tuliyemfuata?"

"Huyu tutaondoka naye leo leo kama sehemu ya matanga. Nani atatuzuia? Mwenye kauli ndiye huyo amelala ndani amenyooka."

Yustina alikuwa amejifunika mdomo kwa mkono, na sikuweza kujua anacheka au lile jambo lingine limeshaanza. Mkungu ulikuwa umebaki na safu mbili hivi mlango ulipofunguka. Haukulia hata kidogo, kwa mafuta niliyoutia, kwa hiyo Mzee Kasanda aliendelea kuomboleza kwa muda mjomba akiwa amesimama juu ya kichwa chake, amevaa koti, amefunga vifungo vyote.

"Nani kala ndizi zangu?" mjomba akauliza.

Mzee Kasanda alimeza kwanza. "Marehemu, rudi ndani. Hatujafika kwenye wasifu."

Watu walicheka, lakini mimi nilikuwa natazama macho ya mjomba. Yalikuwa mekundu. Yalikuwa mekundu kuliko asubuhi zile mbili za mwanzo. Alipita katikati ya wafiwa wake, akakaa kwenye kiti nilichomwandalia, na kicheko kikafa chenyewe.

"Shikamoo mjomba," nikasema. "Umelala?"

"Marahaba. Sikulala."

Nikasikia Yustina akivuta pumzi.

"Sikulala kabisa, Skola. Kule nyumbani kuna maji yanaporomoka nyuma ya jiko. Kuna watoto, kuna popo kwenye mfenesi, kuna mke wangu anayeongea ndotoni. Wewe umenitoa vyote. Nilimsikia mende akitembea ukutani. Nilisikia moyo wangu nikadhani kuna mtu anabisha hodi, nikaamka kumkaribisha." Akafuta macho kwa kiganja. "Kulipokucha nikasikia watu wanakaa nje ya dirisha. Nikavaa nitoke. Nikiwa kwenye kifungo cha mwisho wakaanza kuongea. Nikasema, ngoja kwanza nisikie."

Mzee Kasanda alianza kutazama kofia yake.

"Wale wawili wa mwanzo," mjomba akaendelea, "sikuwasikia walichosema. Nilikaa nao na muziki wa baa bado unapiga kichwani. Mtu usiyemsikia utampima kwa nini? Nikatazama masikio." Akageuza kiti kidogo. "Kijana ni yupi, ni wewe?"

Elia akasimama. "Ndiyo, mjomba. Shikamoo."

"Marahaba. Umesema niachwe nilale."

"Nilisema."

"Utakaa mpaka kesho."

"Ningekaa."

"Huyu baba yako mdogo amesema Tabora kuna wasichana wa kutosha."

"Aliongea akiwa na njaa," shangazi akadakia. "Sasa ameshakula ndizi zako, atasema vingine."

Mjomba hakucheka. Alikuwa amemgeukia Yustina, na Yustina alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

"Na wewe nilikusikia. Wale wawili hukuwalilia?"

"Sikuwalilia, mjomba."

"Basi na huyu usimlilie. Atakuoa."

Shangazi akapiga vigelegele vya kuamsha soko zima. Mzee Kasanda akainuka akampa mjomba mkono, akamwambia kwamba kwa mtu aliyefufuka ametoa uamuzi mzuri, ila Waluguru wangeokoa muda mwingi kama wangekuwa wanafia mapema. Mjomba akamjibu kwamba ndizi alizokula zina mwenyewe, na Mnyamwezi akila kwa Mluguru hatoki bila kupiga deki. Na kweli, Mzee Kasanda alipewa ufagio na tambara lake, akapiga deki kibaraza kizima akiwa na suti, huku wageni wakimwonyesha alipoacha.

Mjomba aliniita pembeni. Nilifikiri ana maagizo ya ukoo.

"Skola, mwanangu, una chumba chenye kelele?"

Nikampeleka chumba cha jikoni, ambacho katika miaka yangu yote sikuwahi kumpa mgeni niliyempenda. Ukuta wa pili walikuwa wanatwanga viungo vya pilau, maji yanachuruzika kwenye karo, shangazi anamsimulia mpishi tangu mwanzo. Mjomba akavua koti, akalala juu ya shuka na viatu vyake. Nikavuta mlango nimfungie.

"Uache wazi," akasema, macho tayari yamefumba. "Nataka nisikie watu."

Niliuacha wazi. Kabla nazi haijamaliza kukunwa alikuwa anakoroma.